UZI: Kumtafutia mzazi mwenye dimenshia nyumba ya matunzo Marekani. Uliza habari za usiku, uliza watamtoa lini

#1 ZamuYaUsiku

Wakuu, salaam kwenu. Swali la mzazi anayesahau limeulizwa kwenye nyuzi nyingi humu na majibu mazuri yamezama kurasa za nyuma. Tuyakusanye hapa. Uzi huu ni kwa walioko Marekani ambao mama, baba au bibi yao ana Alzheimer au aina nyingine ya dimenshia, nyumbani pameshindikana, na sasa wanazunguka kutazama zile nyumba ambazo wenyeji huziita memory care. Wengi wetu tunafanya kazi humo ndani, ama CNA (wahudumu wa uuguzi wenye cheti), ama manesi, ama watoa dawa. Basi tuseme yale ambayo mtembeza wageni hakuonyeshi.

Kwanza leseni. Hilo jina ni la biashara, si daraja la serikali kuu. Nyumba za uuguzi, yaani nursing home, hukaguliwa kwa kanuni za serikali kuu na nyota zake zinaonekana kwenye ukurasa wa Care Compare wa Medicare, bima ya afya ya serikali kuu kwa wazee. Nyumba nyingi za kumbukumbu hutazikuta huko, kwa sababu leseni yake ni ya makazi ya usaidizi, yaani assisted living, na hutolewa na jimbo. Minnesota, tangu 1 Agosti 2021, ina leseni ya pekee kwa makazi yenye huduma ya dimenshia. Texas hutoa cheti cha Alzheimer juu ya leseni ya kawaida. Kila jimbo na lake. Kwa hiyo kabla hujawasha gari, piga simu uulize: "Leseni yenu ni ya aina gani, na namba yake ni ipi?" Kisha ingia tovuti ya idara ya jimbo, usome ripoti za ukaguzi za miaka 3 iliyopita. Friji iliyokutwa na joto siku moja isikunyime usingizi. Cha kuogopa ni kosa lile lile kurudi ukaguzi baada ya ukaguzi, hasa haya matatu: dawa kutolewa vibaya, mkazi kutoka nje bila mtu kujua, na majeraha yasiyo na maelezo.

Baada ya hapo nenda mara tatu. Mara ya kwanza kwa miadi. Mara ya pili Jumapili saa 12 jioni, bila taarifa. Jua likizama wagonjwa wengi huanza kuhangaika, wanataka "kwenda nyumbani", wanavuta vitasa vya milango, na Jumapili meneja hayupo wala mtu wa michezo hayupo. Hapo ndipo utaona nyumba ilivyo. Mara ya tatu saa 4 asubuhi ukiwa na ratiba yao ya shughuli mkononi. Kama imeandikwa "mazoezi ya viti saa 4", angalia kama mazoezi yapo au watu wamepangwa mbele ya televisheni vichwa vimelala kifuani.

Ukiwa ndani usitazame zulia wala piano. Tazama glasi ya maji. Je, iko mahali mkono wa mgonjwa unafika, na imepungua? Mtu mwenye dimenshia mara nyingi hasikii kiu, na hata akisikia hawezi kuomba. Glasi iliyojaa hadi juu mezani saa 10 jioni huenda ina maana hakuna aliyemnywesha tangu asubuhi. Tazama kucha, tazama miwani kama imefutwa. Tazama mhudumu anapoongea na mkazi: anainama hadi macho yakutane, au anaita kutoka mgongoni huku anasukuma kiti? Ukimshika ghafla kwa nyuma mtu asiyejua yuko wapi, atapiga ngumi, halafu faili litaandikwa kuwa ni mkorofi.

Mlango nao una maswali yake. Nyingi zina mlango wa kuchelewa: ukiusukuma unapiga kelele na kufunguka baada ya sekunde 15, na kengele ya moto ikilia hufunguka papo hapo. Uliza nani anaisikia hiyo kelele usiku, na anachukua muda gani kufika. Shirika la Alzheimer la Marekani linasema 6 kati ya kila 10 wenye dimenshia hutangatanga angalau mara moja. Kwa hiyo usiulize kama imewahi kutokea. Uliza: "Mara ya mwisho mkazi alipotoka, mlibadilisha nini?"

Nawasilisha. Wenye kuongeza waongeze.

#2 Mzizima_78

Asante kwa darasa, mkuu. Naomba ufafanuzi kuhusu idadi. Nyumba moja inasema mhudumu 1 kwa wakazi 6. Inatosha?

#3 ZamuYaUsiku

Mzizima, hiyo ni hesabu ya mchana, tena mara nyingi wameingiza nesi, mpishi na mtu wa shughuli ndani yake. Majimbo mengi hayaweki idadi maalumu, yanasema "wahudumu wa kutosha", basi kila mmoja anatafsiri anavyojua. Uliza hivi, neno kwa neno: "Kuanzia saa 5 usiku hadi saa 1 asubuhi, ni wahudumu wangapi wako macho, ndani ya kitengo hiki, wasio na kitengo kingine?"

Sasa piga hesabu. Chukua kitengo cha wakazi 24 na wahudumu 2 usiku. Tuseme 14 wanavaa nepi na wanatakiwa kukaguliwa kila baada ya saa 2. Kati yao 5 ni wazito au wamekakamaa, lazima watu wawili, dakika 15 kila mmoja. Hiyo ni dakika 75 wahudumu wote wawili wamo chumbani. Waliobaki 9, dakika 10 kila mmoja, wakigawana ni dakika 45. Jumla 120. Saa mbili zimekwisha na mzunguko mwingine umeanza, na hakuna hata dakika moja ya yule aliyeamka kutafuta choo. Ndiyo maana watu huanguka saa 9 usiku. Huyo CNA wala si mvivu, yuko chumba namba 8 amemshika mtu ubavuni.

Nyumba ikikwambia usiku wako 2, uliza wakazi wangapi wanahitaji watu wawili. Wakisita kujibu, umeshapata jibu. Uliza pia nesi yuko jengoni saa ngapi hadi saa ngapi. Nyumba nyingi za aina hii usiku hazina nesi, kuna nesi wa simu tu, na mtoa dawa aliyepewa mafunzo mafupi. Kwa mzazi anayechomwa insulini hili ni swali la uhai.

#4 KaratasiKwanza

Ngoja nikazie upande wa mkataba, maana huko ndiko familia zetu huumizwa.

Bei unayotajiwa ni ya chumba na chakula. Utafiti wa kampuni za Genworth na CareScout wa 2024 uliweka bei ya kati ya makazi ya usaidizi nchini kuwa dola 70,800 kwa mwaka, sawa na 5,900 kwa mwezi, na kitengo cha kumbukumbu kwa kawaida huwa juu ya hapo. Kisha huja "ngazi za huduma". Nesi anampima mzazi kwa alama: kuoga alama kadhaa, kuvishwa alama kadhaa, kulishwa, dawa, nepi. Alama zikivuka mpaka, ngazi inapanda na bili nayo. Omba karatasi ya alama kabla ya kusaini, uone dola ngapi kwa kila ngazi, nani anapima, kila baada ya muda gani, na unapewa taarifa siku ngapi kabla. Mzazi anayeingia ngazi ya 2 usimpangie bajeti ya ngazi ya 2. Huu ugonjwa haurudi nyuma. Panga ya juu kabisa uone pesa zitadumu miezi mingapi. Ongeza ada ya kuingilia, ambayo huwa hairudishwi, na nyongeza ya kila mwaka.

Sasa kifungu ambacho mwanzisha uzi amekitaja kwenye kichwa: kutolewa. Mikataba mingi inasema wanaweza kumwondoa mkazi kama "hawawezi tena kukidhi mahitaji yake". Maneno hayo ni mapana mno. Wabane kwa mifano, na majibu yawe kwa maandishi. Akihitaji watu wawili kumnyanyua? Akihitaji winchi ya kumnyanyulia? Asipoweza kula mwenyewe? Akipiga? Akiingia vyumba vya wenzake? Akienda hospitali, chumba kinamsubiri siku ngapi na nani analipa? Balaa lenyewe huwa hivi: mzazi anapelekwa dharura usiku kwa sababu ya kupiga, anatibiwa, hospitali inataka kumrudisha, nyumba inakataa kumpokea. Familia inapewa siku mbili tatu kutafuta pengine. Nyumba bora ni ile inayokubali kukaa naye hadi mwisho pamoja na hospisi, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mtu aliye mwishoni mwa maisha. Medicare hulipia huduma ya hospisi hata mgonjwa akiwa ndani ya nyumba hizi, ingawa kodi ya chumba inabaki kwenu.

Saini. Ukisaini jina lako tupu kama "mhusika wa malipo", deni linaweza kukufuata wewe. Nyumba za uuguzi zimekatazwa na kanuni za serikali kuu kumlazimisha mtoto awe mdhamini kama sharti la kumpokea mzazi. Makazi ya usaidizi hayamo kwenye kanuni hiyo. Saini jina la mzazi, kisha "kwa mkono wa fulani, mwakilishi wake kisheria". Na hapo uwe kweli na hati ya uwakilishi, ya fedha moja na ya afya moja. Hati hizo mzazi azisaini akiwa bado anaelewa anachosaini. Akishapita hapo, njia ni mahakama, kuomba ulezi, na huko ni maelfu ya dola na miezi. Kama vipimo vimetoka wiki hii, wakili ni wa wiki hii hii.

Kifungu cha usuluhishi, kile kinachokunyima haki ya kwenda mahakamani, mara nyingi unaweza kukikata kwa kalamu na kuweka herufi za jina lako pembeni. Jaribu.

Na wale "washauri wa bure" wa mtandaoni wanaokutafutia nyumba hulipwa na nyumba unayoichagua. Hawatakutajia isiyowalipa.

#5 Nyota_ya_Kaskazini

Wakuu, Medicare si inalipa siku 100? Na mzee akiwa na grini kadi ya miaka 3, aliyeletwa na mtoto, hali inakuwaje?

#6 KaratasiKwanza

Dada Nyota, hizo siku 100 ni za nyumba ya uuguzi, baada ya kulazwa hospitali siku 3, na ni kwa uuguzi wa kitaalamu au mazoezi ya kurudisha nguvu. Siku 20 za kwanza ni bure, kuanzia ya 21 hadi ya 100 kuna mchango wa kila siku. Matunzo ya kuogeshwa na kulindwa, ambayo ndiyo dimenshia, Medicare ya kawaida hailipi.

Kwa grini kadi: mwenye umri wa miaka 65 na zaidi ambaye hakufanya kazi Marekani anaweza kununua Medicare akishakaa miaka 5 mfululizo akiwa mkazi halali. Medicaid nayo, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa sheria ya 1996, ina miaka 5 ya kusubiri kwa wengi wenye grini kadi. Tena mtoto aliyesaini fomu ya I-864 kumdhamini, kipato chake kinaweza kuhesabiwa kama cha mzazi, na ile ahadi haiishi kwa miaka 5. Inaisha mzazi akipata uraia, au akitimiza robo 40 za kazi (kama miaka 10), au akiondoka moja kwa moja, au akifariki. Kwa hiyo mzee mwenye grini kadi ya miaka 3, pesa ni za mfukoni au za ukoo kwa sasa. Panga miaka 2 ijayo: kituo cha mchana siku kadhaa kwa wiki, mhudumu wa nyumbani, ndugu wagawane usiku.

Kwa waliokwisha kuvuka hapo: Medicaid ya matunzo ya muda mrefu hutazama miezi 60 nyuma. Wanataka taarifa za benki zote. Michango ya harambee, ada za wajukuu, pesa za kumalizia nyumba kijijini, zikiwa zimetoka kwenye akaunti ya mzazi, zinaweza kuhesabiwa kuwa zawadi, na zawadi huleta kipindi cha adhabu ambacho Medicaid hailipi. Shamba la Kisii au kiwanja cha Kibaha nacho ni mali, kiandikwe kwenye fomu. Kukihamishia kwa mtoto mwezi mmoja kabla ya kuomba ndiyo kosa baya kuliko yote. Mwone wakili wa sheria ya wazee kabla ya kuhamisha chochote. Na kila nyumba mnayoitazama mwulize: mnapokea Medicaid? Baada ya kulipa mfukoni miezi mingapi? Nyumba isiyopokea kabisa itamtoa siku akaunti itakapofika sifuri.

#7 Mwana_wa_Nchi

Wakuu, samahani kwa kuingilia. Kwetu mzazi hapelekwi kwa wageni. Mrudisheni nyumbani, kuna hewa safi, kuna ndugu, kuna wanaolipwa kumtunza kwa bei nafuu. Hapo anawekwa kama mzigo bandarini.

#8 NesiWaMwanza

Ndugu Mwana wa Nchi, uchungu wako unaeleweka, na kuna familia ambazo kumrudisha ndiyo njia sahihi, hasa kama bado anaikumbuka nyumba ile na lugha ya pale ndiyo iliyobaki kichwani. Lakini ipangwe kwa kalamu, isipangwe kwa hasira.

Matunzo ya saa 24 si kazi ya msichana mmoja wa kazi. Ni watu wasiopungua watatu wa kupokezana, na mmoja ni wa usiku tu. Atafutwe daktari atakayemfuatilia na duka la dawa lenye donepezil na memantine, dawa za dimenshia, mwezi hata mwezi. Kenya kuna shirika la Alzheimer linaloitwa ADOK, lenye vikundi vya familia, waulizeni hao kwanza. Upande wa karatasi: SSI, posho ya serikali kuu kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, husimama akikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo, Medicare kwa kawaida hailipi ng'ambo, na mwenye grini kadi akipitisha mwaka mmoja nje bila kibali cha kurejea anaweza kuipoteza. Kibali hicho huombwa akiwa bado ndani ya Marekani, na hudumu hadi miaka 2. Safari yenyewe, viwanja vitatu na usiku wa ndege, inaweza kumchanganya kwa wiki kadhaa. Asafiri na watu wawili, mmoja wa jinsia yake kwa ajili ya choo.

Na kwa ambao hawajafika pa kuamua: tangu Julai 2024 Medicare ina mpango wa GUIDE kwa wenye dimenshia wanaoishi nje ya nyumba za uuguzi na wenye Medicare ya asili, si ya kampuni. Wanapata mtu wa kuwaongoza, na wanaostahili hupata hadi dola 2,500 kwa mwaka za kumpumzisha mtunzaji. Muulizeni daktari wa mzazi kama kuna kliniki iliyomo.

Mwana wa Nchi, umesema mzigo. Binti anayelala saa 3 kwa siku tangu mwaka jana, akimfuata mama mlangoni kila usiku, ndiye atakayeanguka kwanza, na mama atabaki bila mtu.

#9 Tacoma_Nyumba_Ndogo

Walioko jimbo la Washington, msisahau nyumba ndogo za familia, adult family home. Ni nyumba ya kawaida mtaani, wakazi hadi 6, au 8 kwa idhini maalumu. Baadhi ya wenye nyumba hizo ni Wakenya, kwa hiyo ugali na Kiswahili unaweza kuvipata kweli. Hakikisha leseni ina kibali maalumu cha dimenshia. Kelele ni chache, jiko liko karibu, harufu ya chakula inamwita mgonjwa mezani bila kusukumwa.

Udhaifu wake nao uutazame. Usiku mhudumu anaweza kuwa amelala, uliza kama yuko macho. Mwenye nyumba akisafiri au akiuza, huduma inabadilika ndani ya mwezi. Na wakazi wakiwa 6 tu, mmoja anayepiga kelele usiku kucha anawaharibia watano. Uliza wenzake atakaokaa nao wakoje.

#10 BintiMvita

Nimesoma yote, shukrani. Naongeza lugha na heshima, maana fomu za kuingilia hazina nafasi ya mambo haya.

Dimenshia mara nyingi hula lugha iliyojifunzwa ukubwani kwanza. Mama aliyefanya kazi kwa Kiingereza miaka 30 anaweza kubaki na Kiswahili, au Kihaya, au Kikamba peke yake. Mhudumu asiyeelewa anasikia sauti ya juu, anaandika "ana fujo", na faili likifika kwa daktari dawa ya kutuliza inafuata. Tengenezeni ukurasa mmoja, herufi kubwa, ubandikwe ndani ya mlango wa kabati: neno analolisema, linavyotamkwa, maana yake. Choo, maji, inauma, baridi, niache, njaa. Neno "kujisaidia" liandikwe peke yake na maelezo. Mama akisema "nataka kujisaidia", mkalimani wa simu asiyejua adabu yetu anaweza kutafsiri kuwa anataka kujifanyia mambo mwenyewe, na mama akaachwa hadi ajichafue. Andikeni pia anaitwaje. Anayeitwa Mama Salma miaka 40 hageuki ukimwita kwa jina lake la kwanza, na wataandika hasikii.

Kuoga ndiko kunakoleta ugomvi mwingi. Fikiria mgeni amekuvua nguo, chumba ni cha baridi, maji yanakumwagikia usoni kutoka juu. Ombeni kwenye mpango wa huduma: mhudumu wa kike kwa mama, chumba kipashwe joto kwanza, afunikwe kanga mabegani na aoshwe chini ya kanga, waanze na miguu wakipanda, nywele mwisho au siku nyingine kabisa. Pelekeni kanga zenyewe, 4 au 5, za zamani anazozijua kwa harufu. Mara mbili kwa wiki inatosha, siku nyingine apanguswe.

Waislamu: andikeni nyama anayokula na asiyokula, na kwamba akitaka kutawadha apewe birika na beseni badala ya kukatazwa "kuchezea maji". Ramadhani, mtu ambaye akili imemtoka hana wajibu wa kufunga. Iandikwe, isije ikawa anakataa dawa za mchana na mhudumu akaona ni dini.

Chakula: anayeshindwa kijiko mara nyingi bado anaweza kula kwa mkono. Waambieni ni desturi, msimnyang'anye. Sahani iwe ya rangi ya kukolea, wali mweupe kwenye sahani nyeupe hauoni.

#11 NesiWaMwanza

Hapo kwenye dawa ya kutuliza, naomba tukae kidogo.

Quetiapine, risperidone, olanzapine na haloperidol zina onyo kali la mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, tangu 2005 kwa dawa mpya za kundi hilo na baadaye zile za zamani: huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye dimenshia. Wakati mwingine zinahitajika kweli, mtu akiwa hatari kwake na kwa wengine, lakini kwa kipimo kidogo na kwa tarehe ya kupitiwa upya. Kama ugonjwa ni wa Lewy, aina nyingine ya dimenshia, anaona watu wasiokuwepo na mwili umekakamaa, haloperidol inaweza kumgandisha kabisa. Iandikwe kwenye orodha ya dawa asizopewa. Dawa za usingizi za dukani zenye diphenhydramine nazo zinamzidishia kuchanganyikiwa.

Ulizeni nyumba: asilimia ngapi ya wakazi wenu wako kwenye dawa hizi, na mtatupigia simu kabla ya dozi ya kwanza au baada? Iwe kabla.

Na jambo la kuwafundisha ndugu wote: dimenshia hushuka kwa miezi. Akibadilika ndani ya siku mbili, amekuwa mkali au analala mchana kutwa, hiyo ni kitu kingine mpaka ithibitishwe. Maambukizi ya mkojo, nimonia, choo kilichokauka siku 4, jino, dawa mpya, au ameanguka na hakuna aliyeona. Dai vipimo kwanza.

Mkikwama na nyumba yenyewe, kila jimbo lina ombudsmani wa matunzo ya muda mrefu, yaani mtetezi wa wakazi, huduma yake ni bure. Simu ya Eldercare Locator, 1-800-677-1116, itawaelekeza kwa wa eneo lenu. Ile ya Shirika la Alzheimer, 1-800-272-3900, inapokelewa saa 24, na wana wakalimani, omba Kiswahili.

#12 Mzizima_78

Mmetufungua macho. La mwisho: siku ya kumhamisha yenyewe, tufanyeje? Na ni kweli familia isimtembelee wiki mbili za kwanza?

#13 ZamuYaUsiku

Hapana, mkuu, hiyo ya wiki mbili msiikubali kama amri. Wapo wanaotulia haraka wakiachwa siku mbili tatu, na wapo wanaoacha kula wasipoona uso wanaoujua. Ulizeni wahudumu wanaomshika, si ofisi. Mkienda, nendeni saa ya chakula, na kuondoka kwenu kuwe wakati wanamletea chai. Msiage mlangoni na makoti mwilini, atataka kuja. "Naenda dukani, narudi" inatosha.

Mhamisheni asubuhi baada ya kifungua kinywa. Mmoja anakaa naye, wengine wanatangulia kupanga chumba: kitanda kiwe upande ule ule aliozoea kushukia, blanketi lake, redio yake, picha za ujana wake na si za wajukuu wa mwaka jana ambao hawakumbuki. Zulia dogo jeusi liondoeni, analiona shimo na atajaribu kuliruka. Kioo kikimtisha, kifunikeni.

Nguo zote ziandikwe jina kwa wino wa kufulia, soksi pia. Miwani, kifaa cha masikio na meno ya bandia ndivyo hupotea wiki ya kwanza, na bila hivyo vitatu mtu anaonekana ugonjwa umeruka hatua mbili. Meno yachongwe jina na daktari wa meno kabla ya kuhama, ni kazi ya dakika chache. Mkiambiwa yamepotea, kabla ya kulipia mapya, tafuteni kwenye tishu za mfuko wa sweta, ndani ya foronya, na kwenye trei za jikoni kabla hazijamwagwa.

Baada ya siku 30 ombeni kikao cha mpango wa huduma. Njooni na uzito wake wa siku ya kuingia. Kama amepungua kilo 2 au zaidi, hiyo ndiyo ajenda ya kwanza, na mwulizeni aliyemlisha jana mchana, kwa jina.